Aristotle, Brecht na Mtambaji: Maswali Mawili Yanayochanganywa Katika Tamthilia ya Kiswahili

Wanapokutana watunzi, waigizaji na wahadhiri wa fasihi, mjadala huu haukosi kuzuka: je, tamthilia ya Kiswahili inatembea kwa kanuni za Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa mbinu za Brecht, mtunzi wa Kijerumani wa karne ya 20, au ni ngano iliyopandishwa jukwaani? Mtunzi hujibu kwa kutaja visa, mwigizaji kwa kutaja hadhira, mhadhiri kwa kutaja nadharia, na kikao kinavunjika kila mmoja akiwa na msimamo aliokuja nao. Tatizo ni kwamba wanajibu maswali mawili wakidhani ni moja. La kwanza ni la muundo: matukio yameshikanaje? La pili ni la uhusiano: hadhira imewekwa wapi, na inaruhusiwa kufanya nini? Tamthilia inaweza kufuata Aristotle katika swali la kwanza na kumfuata mtambaji wa hadithi katika la pili. Ukiyatenganisha maswali hayo, mambo mengi yanayoonekana kupingana huacha kupingana, na mwongozaji hupata njia ya kufanya kazi.

Tuanze na Aristotle mwenyewe, maana amebebeshwa mizigo isiyo yake.

Alichosema na alichosingiziwa

Aristotle alizaliwa mwaka 384 K.K. Sophocles, mtunzi anayemsifu kuliko karibu wote, alikuwa amefariki mwaka 406 K.K. Kwa hiyo kitabu chake kuhusu sanaa ya utunzi, kinachokisiwa kuwa cha miaka ya 330 K.K., si sheria alizowapa watunzi. Ni uchambuzi wa mtu aliyekuja baadaye, akitazama kazi zilizokwisha kufanya kazi yake na kujiuliza kwa nini zimefaulu. Anaitaja tanzia, yaani tamthilia ya majonzi, kuwa na sehemu sita: msuko wa matukio, wahusika, fikra, lugha, muziki na yale yanayoonekana kwa macho. Msuko anauweka wa kwanza na yanayoonekana anayaweka mwisho. Kipimo chake cha msuko ni kimoja, nacho ni kigumu: tukio la pili litokee kwa sababu ya la kwanza, si baada yake tu.

Wanafunzi wengi wa sekondari na hata vyuo hufundishwa kwamba Aristotle alidai umoja wa mambo matatu: tukio, wakati na mahali. Umoja wa tukio ndio pekee alioudai. Kuhusu wakati alisema tu kwamba tanzia hujitahidi kubaki ndani ya mzunguko mmoja wa jua, na hilo lilikuwa jambo aliloliona, si amri. Kuhusu mahali hakusema kitu. Kanuni tatu zile zilifungwa pamoja na Mwitaliano Lodovico Castelvetro mwaka 1570, kisha Wafaransa wa karne ya 17 wakazigeuza kuwa sheria hata wakamshambulia mtunzi wao Corneille kwazo mwaka 1637. Wagiriki wenyewe hawakuzishika hivyo: katika Ajax ya Sophocles mandhari hubadilika, na katika mojawapo ya tamthilia za Aeschylus hadithi inaanzia Delphi na kumalizikia Athens.

Matokeo yake darasani ni makubwa. Mwanafunzi anaandika kwamba Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, "inamkiuka Aristotle" kwa kuwa inatoka kijijini ikaenda vitani na kumalizikia gerezani kwa muda wa miezi. Hapo hakuna ukiukaji wowote wa Aristotle. Kama upo, ni wa Castelvetro.

Mzigo wa pili ni "dosari ya shujaa". Aristotle anamtaka mtu wa kati, asiye mwovu wala mtakatifu, anayeanguka kwa kosa. Kosa hilo mara nyingi ni la kutojua. Katika tamthilia ya Sophocles aliyoifasiri Samuel Mushi kwa jina la Mfalme Edipode, mfalme hajui kwamba mtu aliyemuua njiani alikuwa baba yake. Hoja zake nyingi ni nzuri. Taarifa alizo nazo ndizo zenye kasoro. Kwa mwigizaji tofauti hii ndiyo kazi yenyewe. Akianza onyesho la kwanza kwa kuigiza kiburi, kidevu juu na sauti ya kufoka, watazamaji wanakwisha kumhukumu kabla dakika kumi hazijapita, na kinachobaki ni kusubiri adhabu. Akiigiza kiongozi mwenye akili anayefuata ushahidi hatua kwa hatua kuelekea kwake mwenyewe, wataogopa, kwa kuwa nao wangefanya vivyo hivyo.

Jukwaa la sanduku si la Wagiriki

Mkanganyiko mwingine unahusu jengo. Tunaposema "ukumbi wa kikale", wengi huona akilini chumba chenye giza, pazia, na fremu mbele ya jukwaa lenye kuta tatu. Ugiriki haikuwa na kitu hicho. Maonyesho yalifanyika mchana, nje, kwenye mteremko wa kilima. Katikati palikuwa na uwanja ulio wazi ambako korasi, yaani kundi la waimbaji, ilicheza na kuimba. Katika tanzia ilikuwa na watu 12, na Sophocles anatajwa kuwa ndiye aliyewafikisha 15. Waigizaji wenye maneno walikuwa watatu, wakibadilishana barakoa ili kubeba wahusika wote. Ukumbi wa Epidaurus unachukua watu wapatao 14,000, na kila mmoja wao alimwona mwenzake upande wa pili. Mauaji kwa kawaida yalifanyika nje ya macho ya watu, kisha mjumbe akaja kusimulia.

Mchana, nje, watu wameketi kuzunguka, wachezaji wa ngoma katikati, na msimulizi wa mambo yasiyoonekana: mtu wa Bagamoyo au wa Sukuma akielezwa hivyo hawezi kusema hajawahi kuona. Sanduku lilikuja baadaye sana. Teatro Farnese ya Parma, moja ya kumbi za mwanzo zenye fremu ya kudumu, ni ya mwaka 1618. Desturi ya kuzima taa za watazamaji iliimarika karne ya 19, na Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, aliifanya kuwa kanuni katika ukumbi wake wa Bayreuth uliofunguliwa mwaka 1876. Afrika Mashariki ililipokea sanduku hilo kupitia ukoloni. Kenya National Theatre ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1952, ni mfano wake. Shule nazo zikaliiga kwa kujenga jukwaa la saruji mwisho wa bwalo la chakula. Kwa hiyo anayesema "tuachane na Aristotle, turudi uwanjani" anamwonea mtu ambaye naye angekaa uwanjani.

Kinjeketile, swali kwa swali

Tuijaribu njia ya maswali mawili kwenye kazi moja. Katika Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, watu wanateswa kwa kulimishwa pamba kwa nguvu huku mashamba yao yakilala. Wanataka kupigana, lakini hawana umoja. Kinjeketile anapagawa na pepo Hongo, anavutwa mtoni Rufiji, na anarudi na maji yanayoaminiwa kuzuia risasi, nayo yanawaunganisha. Kila hatua inazaa nyingine: mateso yanazaa haja ya neno, neno linazaa umoja, umoja unazaa pupa ya vita, pupa inazaa maangamizi. Katika swali la kwanza Aristotle asingekuwa na la kulalamikia.

Tofauti iko mahali pa utambuzi. Aristotle anaona msuko bora ni ule ambao shujaa anatambua ukweli wakati uleule bahati yake inapogeuka, kama inavyompata Edipode. Hussein anavitenga vitu hivyo viwili. Kinjeketile anashtuka pale anapogundua kwamba Hongo, kupitia kinywa chake, alisema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anaelewa kwamba kumwondoa Mjerumani ili kuwekwa chini ya sultani si ukombozi. Lakini kutambua kwake hakugeuzi kitu. Neno limekwisha kutoka, watu wamelishika, na aliyelizaa hana tena nguvu juu yake. Hapo ndipo ukubwa wa tamthilia hii ulipo kwa maoni yetu: shujaa anajua, umma haujui, na anabaki na ujuzi wake peke yake katikati ya watu wanaomshangilia.

Mwisho nao haufungi. Gerezani anatakiwa akiri kwamba maji ni uongo, na anakataa, kwa hoja kwamba kukiri huko kutawafanya wajao waamini kuwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Mtazamaji anatoka na swali: alifanya sahihi kulinda uongo uliobeba ukweli? Wapo wanaosema hiyo ni alama ya Brecht na kwamba Hussein aliipata Berlin. Kalenda inatatiza dai hilo. Tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, ni ya mwaka 1975, miaka 6 baada ya Kinjeketile kutoka. Angeweza kumsoma Brecht kabla ya hapo, lakini "aliipata Berlin" halitoshi kuwa maelezo.

Kuhusu swali la pili, Kinjeketile kama ilivyoandikwa haizungumzi na hadhira moja kwa moja. Uamuzi unabaki kwa mwongozaji, na onyesho la kupagawa ndilo linalomfichua. Huwezi kuuleta mto Rufiji jukwaani. Wanaofaulu huacha kabisa kitambaa cha buluu na taa za kumeremeta, wakaukabidhi mto kwa macho ya wanaobaki: waigizaji 6 au 8 wanatazama sehemu moja, mbali, juu kidogo ya vichwa vya safu ya mwisho, na kimya kinashikwa hadi kinaanza kuwaumiza watazamaji. Kosa la kawaida ni kila mwigizaji kutazama mahali pake. Dawa ni kuweka alama halisi wakati wa mazoezi, kijiti chenye kitambaa umbali wa mita 15 hivi, na kukiondoa siku ya mwisho tu.

Brecht na mtambaji hawafanyi kazi moja

Bertolt Brecht (1898–1956) alichoka na hadhira iliyozama katika mchezo hadi ikasahau kufikiri. Akaukatiza mchezo kwa nyimbo, mabango, masimulizi na taa zisizofichwa, ili mtu aone jambo alilolizoea kana kwamba ni geni na kuuliza kwa nini liko hivyo. Wasomi wa Afrika Mashariki walipokutana na mbinu hizo waliona vitu vya nyumbani: msimulizi, wimbo katikati ya kisa, kumwambia mtu mwisho kabla ya mwanzo. Tangu hapo kila tamthilia ya Kiswahili yenye msimulizi hubandikwa jina la Brecht.

Vifaa vinafanana, kazi zinatofautiana. Brecht anakatiza njozi. Mtambaji hakatizi kitu kwa sababu hajajenga njozi yoyote. Akisema "Paukwa!" na watu wakajibu "Pakawa!", wote wamekubaliana tangu sekunde ya kwanza kwamba huyu ni mtu wao anayesimulia, kwamba sasa atakuwa sungura na baadaye fisi, na kwamba wao wana haki ya kuitikia na kumkosoa. Hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa mwongozaji. Ukipeleka mbinu ya kukatiza kwa hadhira ambayo tayari inazungumza, inacheka na kujibizana na wahusika, hakuna kinachokatika. Mabango yanaonekana kama matangazo. Hadhira kama hiyo, ukitaka ishtuke na kufikiri, huhitaji kinyume chake: kuinyamazisha ghafla, kumfanya msimulizi ashindwe kuendelea, au kumwacha aulizwe swali asilo na jibu lake.

Penina Muhando alilielewa hilo vizuri. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na Bi Msimulizi anatuongoza. Hawana majina ya kawaida. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili na kuendelea. Kwa swali la kwanza, tamthilia hii si mnyororo wa sababu na matokeo. Ni jaribio moja linalorudiwa, kila mara likikwamishwa na jambo jingine. Anayeipima kwa msuko wa Aristotle ataona "haiendi mbele", na kweli haiendi, kwa kuwa kutokwenda mbele ndiyo habari yenyewe. Makosa ya maonyesho mengi ni kuifanya nguzo kuwa kitu chepesi cha boksi kilichopakwa rangi. Nguzo iwe na uzito wa kweli, gogo au bomba linalohitaji watu wanne kulinyanyua, ili jasho na kupumua viwe vya kweli. Mwili ukidanganya hapo, maneno yote yanayofuata yanakosa msingi. Usalama nao usisahaulike: kamba ya kuzuia, mtu mmoja asiye na maneno wa kuishika ncha, na sakafu isiyoteleza.

Hussein mwenyewe alienda mbali zaidi upande huo mwaka 1976 katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambazo msimulizi mmoja anaweza kuzibeba peke yake kwa lugha ya kishairi. Hapo mtambaji ndiye ukumbi mzima.

Sauti, mistari na ngozi

Mengi yanayoitwa udhaifu wa maandishi huwa ni udhaifu wa utendaji, hasa mahali pa korasi na ushairi.

Kusema kwa pamoja ni kugumu kwa Kiswahili kwa sababu ya m na n zinazobeba silabi peke yake. Watu 12 wakisema "mtu", "nchi" au "mbwa", kila mmoja huanza ile m au n kwa wakati wake, na hadhira husikia mngurumo kisha silabi ya mwisho. Watano hadi saba wanasikika vizuri. Zaidi ya hapo gawa. Kata sentensi katika vipande vya silabi 6 hadi 8, mteue mmoja anayevuta pumzi kwa kuonekana, wengine wavute naye. Maneno yenye habari muhimu apewe mtu mmoja, kundi liitikie yanayorudiwa.

Mistari isiyo na vina ina mtego wake. Tafsiri za Julius Nyerere za tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, haziko katika shairi la vina tulilolizoea. Mwigizaji aliyelelewa na shairi la mizani 16, nane kwa nane, huvuta wimbo ule bila kujijua: anapanda katikati ya mstari, anashuka mwishoni, kila mstari. Baada ya dakika tano watazamaji wanasikia mdundo na hawasikii hoja. Njia iliyo nyepesi ni kuyaandika upya maneno yake kama nathari, bila mistari, na kuyafanyia mazoezi kama mazungumzo kwa wiki ya kwanza, akipigia mstari vitenzi tu. Mistari irudishwe maana ikishakaa kichwani.

Katika hotuba za mazishi ya Kaizari umati ndio mhusika mkuu, nao mara nyingi ni watu sita waliosimama kwa aibu pembeni ya jukwaa. Waketishe kati ya watazamaji tangu mwanzo, wawili wawili, mbali na mbali, wakiwa na nguo za kawaida. Wasipige kelele kwa pamoja. Waanze kwa kunong'ona na jirani zao.

Kuhusu ngoma, pwani jioni ngozi hunyonya unyevu na kulegea. Ngoma iliyowambwa vizuri saa kumi alasiri itakuwa imelala saa mbili usiku. Weka moto mdogo wa majani makavu nje ya ukumbi, na mtu wa kuzipasha ngoma kabla ya mchezo na tena wakati wa mapumziko, akizigeuza na kuzigonga hadi sauti irudi, bila kuisogeza ngozi kwenye mwali. Ngoma kubwa humeza sauti nzito za wanaume. Msimulizi wa kiume akiongea, ishuke hadi vidole au inyamaze.

Na "Paukwa" ndani ya sanduku lenye giza? Watu wazima hujibu kwa unyonge, msimulizi hurudia kwa kudai zaidi, na ukumbi unageuka gwaride la shule. Giza limekwisha kuwaambia wanyamaze. Acha taa za watazamaji zikiwaka nusu, msimulizi aanze na vitendawili watu wakiwa bado wanatafuta viti, na angojee majibu kweli, hata yakiwa ya makosa. Ujue pia kwamba hadhira ikishapewa ruhusa ya kujibu haitairudisha. Itajibu hata katika onyesho la gerezani. Mwongozaji aweke alama katika mswada pale anapotarajia majibu, na awafundishe waigizaji kushika pumzi, kungoja wimbi lishuke, kisha kuendelea kutoka kwenye nia ileile bila kurudia mstari.

Hadhira ikiingia ndani

Upo mwisho wa njia hii ambako swali la pili linalimeza la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando (Mlama), walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, kwa utaratibu ambao tangu hapo umeigwa sana: kutafiti matatizo pamoja na wanakijiji, kuyachambua nao, kutunga kwa kutumia ngoma na sanaa za palepale, kuonyesha, kujadili, na kupanga hatua za kuchukua. Mbrazili Augusto Boal, ambaye kitabu chake cha mwaka 1974 kilimshambulia Aristotle waziwazi kwamba tanzia yake hutuliza watu wasiasi, alikuwa na njia ya jirani: mchezo mfupi unaoishia kwa mtu kushindwa, kisha unarudiwa, na mtazamaji anausimamisha na kuingia mahali pa aliyeshindwa.

Njia hizi huharibika zaidi kwenye mjadala kuliko kwenye mchezo. Kikundi hupita utafiti kwa siku moja, hutunga kisa ambacho mfadhili amekwisha kukitaja, na mjadala unakuwa wa kusifu. Kama kitu kimoja tu kinaweza kurekebishwa, kiwe mpangilio wa wasemaji. Mjadala ufanyike hapohapo uwanjani, duara lisivunjwe, waigizaji wakae chini kati ya watu bila kuvua maleba. Waulizwe kwanza walioonekana kama wahusika: wasichana, vibarua, wakopaji. Kipaza sauti kisitumike ikiwa watu ni chini ya mia mbili, maana anayekishika hukigeuza hotuba. Mwenyekiti wa kijiji na mgeni rasmi waongee mwisho, na wakubaliane na hilo siku moja kabla, si pale uwanjani.